Chuchu, Duara Lake, na Kisu cha Tabibu

Wafanyabiashara wa Butembo, ambao kwa miaka mingi wamezoea kuvuka mpaka wa Kasindi kwenda Kampala, na kutoka huko kupanda ndege kwenda Dubai na Guangzhou kutafuta vitambaa, vipuri vya pikipiki na vyombo vya nyumbani, hurudi pia na bidhaa moja ambayo forodha haijapata kuitoza ushuru, nayo ni habari: habari za hospitali za Ghuba ambamo mwanamke, kama wasimuliavyo, huingia asubuhi na matiti aliyojaliwa na Mola wake, akatoka siku ya pili na mengine aliyoyachagua katika picha. Habari hizo hufuata barabara ya Beni, zikapita Maboya na Kabasha, zikaingia vijijini mwa Kalunguta, ambako watu huishi kwa muhogo, maharagwe na kahawa, na ambako raia, kwa miaka mingi sasa, halali usingizi wa raha kwa hofu ya wenye silaha. Na huko huzaa maswali ambayo sisi wa kazi ya tiba huulizwa kwa sauti ya chini, aghalabu mgonjwa akiwa amekwisha kuinuka kitini na mkono wake umeshika kitasa cha mlango. Docta, chuchu yangu imezama. Docta, duara lake limekuwa pana mno tangu nilipozaa. Docta, mwanangu wa kiume anaota matiti. Je, yako matengenezo?

Yako, tena ni mengi kuliko watu wadhanivyo, na mengi yake hufanywa kwa sindano ya ganzi na saa moja ya kazi. Lakini rai nitakayoitetea hapa ni kwamba kisu cha tabibu kina haki zaidi pale kinaporudisha kilichopotea kuliko pale kinapobadili kilichopo, na kwamba kwa mama wa Kalunguta anayenyonyesha au anayetaraji kunyonyesha, kabla ya kisu chochote, kipo chombo cha bei ndogo ambacho kila kituo cha afya kinacho kabatini na ambacho wakunga wachache tu hukitumia kwa kazi hii.

Yafaa kwanza msomaji ajue kwamba elimu hii si ngeni katika Afrika ya Mashariki, wala haikuletwa na matangazo ya Dubai. Matabibu watatu wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, yaani Michael Wood, Mwingereza aliyefanya kazi Nairobi, Archibald McIndoe wa New Zealand, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alijipatia sifa kwa kutengeneza upya nyuso za marubani walioungua motoni, na Thomas Rees wa New York, walishauriana kwenye mitelemko ya Kilimanjaro juu ya namna ya kuwafikia wagonjwa wa mbali kwa ndege, na mwaka 1957 ikazaliwa ile huduma ya waganga warukao ambayo leo twaijua kwa jina la AMREF. Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba McIndoe na Rees haohao mwaka 1958 waliandika makala juu ya kupunguza matiti yaliyokithiri ukubwa, na kwamba Rees, pamoja na mwenziwe Sherrell Aston, mwaka 1976 alieleza habari za titi ambalo msingi wake ni mwembamba, na nyama yake, kwa kukosa nafasi ya kutanuka kando, husukuma mbele mpaka duara jeusi lenyewe likafutuka na kupanuka kuliko kiasi. Watu walewale walioshona midomo iliyopasuka na kukunjua makovu ya moto vijijini ndio walioketi kuandika juu ya chuchu na duara lake, na sidhani kwamba waliona mpaka mkubwa kati ya kazi hizo mbili.

Tuanze na maumbile yenyewe, kwa sababu nusu ya wanaokuja kutaka kisu hawana ugonjwa ila wana wasiwasi. Duara lile jeusi halina kipimo cha sheria: kwa mwanamke mzima upana wake ni kama sentimita nne, lakini wapo wenye mbili na wapo wenye nane, nao wote ni wazima. Hupanuka wakati wa balehe, hupanuka tena na kuiva rangi wakati wa mimba, na kwa mama aliyenyonyesha watoto watano au sita, kama walivyo mama wengi wa huku kwetu, halirudi kabisa lilivyokuwa wakati wa usichana. Vipele vidogo vinavyolizunguka, ambavyo Montgomery wa Dublin aliviandika mwaka 1837 miongoni mwa dalili za mimba, ni tezi zinazotoa mafuta ya kulainisha chuchu. Na msichana anayevikamua akidhani ni chunusi, au anayevikata kwa wembe, hujitafutia jipu mahali palipokuwa na afya. Kadhalika ziko chuchu za ziada, ambazo huota kwa wanawake na wanaume katika mstari utokao kwapani kushuka hadi kinenani, kwa kuwa mwanadamu angali tumboni mwa mamaye huwa na mstari huo mzima kabla haujafifia. Nyingi hudhaniwa kuwa baka tu la ngozi. Hazina laana wala nuksi, na mwenye kukerwa nayo huondolewa kwa mkato mdogo wa umbo la jani, akarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Chuchu iliyozama ni habari nyingine, na hapa nitakaa zaidi, maana ndipo penye taabu ya kweli. Katika kila wanawake mia, wawili mpaka kumi, kwa kadiri ya hesabu za wachunguzi mbalimbali, wana chuchu moja au zote mbili zisizosimama. Asili yake ni mifereji ya maziwa iliyo mifupi, pamoja na nyuzi za nyama ngumu zinazoivuta chuchu kwa ndani, na uhaba wa nyama ya kuitegemeza chini yake. Waganga wa Korea, Han na Hong, mwaka 1999 waliigawa hali hii katika daraja tatu ambazo mpaka leo hutumika ulimwenguni kote: katika daraja ya kwanza chuchu hutoka kwa kuibana kidogo na vidole, ikabaki nje kwa muda, katika ya pili hutoka kwa shida, na ukiiachilia hurudi, katika ya tatu haitoki hata ukiivuta, au ikitoka hutoka kwa nguvu, na chini yake nyuzi zimekaza na mifereji imejikunja. Tofauti hizi si za kitabuni tu, kwa kuwa ndizo zinazoamua kama mama atanyonyesha, na kama atapasuliwa, apasuliwe vipi.

Kwa daraja ya kwanza na ya pili, tabibu aweza kuinua chuchu, akazilegeza nyuzi kwa ncha ya kisu bila kuigusa mifereji, kisha akapitisha uzi kuizunguka shingo ya chuchu na kuukaza kwa kiasi, kama mdomo wa mfuko unavyofungwa, ili isirudi ndani. Hatari yake ni mbili: uzi ukilegea chuchu huzama tena, na ukikazwa kupita kiasi damu haipiti, chuchu ikaoza na kudondoka. Kwa daraja ya tatu, aghalabu hakuna njia ila kuikata mifereji iliyofupika, na kujaza nafasi iliyobaki kwa vipande vidogo vya ngozi ya ndani vilivyogeuzwa kutoka kwenye duara. Na hapo mwanamke hana budi kuambiwa waziwazi, kabla hajatia sahihi karatasi yoyote, kwamba titi hilo huenda lisitoe maziwa tena. Katika miji ambamo mwanamke huzaa mtoto mmoja au wawili na kopo la maziwa ya unga halikosekani dukani, pengine si hasara kubwa. Katika kijiji ambamo maji ya kisima hayaaminiki, na ambamo watu huweza kulazimika kukimbia usiku na watoto mgongoni, titi la mama ndilo ghala la chakula la mtoto mchanga, na tabibu anayelifunga kwa ajili ya sura tu amefanya jambo ambalo mimi siwezi kulitetea. Mwanamwali na amalize kwanza kuzaa, ndipo ayafikirie hayo.

Je, afanye nini wakati huo? Zamani wajawazito walifundishwa kuinyoosha chuchu kwa vidole gumba viwili, mara kadha kwa siku, na wengine wakavaa vikombe vya plastiki ndani ya sidiria. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1992 na 1994 yalionyesha kwamba njia zote mbili hazina faida iliyotarajiwa, na aliyevaa vikombe wala hakunyonyesha zaidi ya asiyevaa. Mwingereza Douglas McGeorge, aliyekuwa tabibu wa upasuaji, alibuni kikombe kidogo chenye kuvuta kwa hewa, ambacho mwanamke hukivaa kwa miezi mpaka mifereji ikarefuka. Ni kifaa chema, ila hakiuzwi katika duka la dawa la Kalunguta. Lakini wazo lake, la kuvuta polepole kwa hewa badala ya kukata, ndilo lililoko ndani ya ile njia ya bomba la sindano iliyoenezwa kutoka India mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ambayo Shirika la Afya la Ulimwengu limeitia katika mafunzo yake ya unyonyeshaji.

Njia yenyewe ni hii. Huchukuliwa bomba jipya la sindano la mililita 10, au 20 ikiwa chuchu ni nene, bila sindano yake. Ile ncha nyembamba ya mbele hukatwa kwa wembe. Kisukumio huchomolewa, kikaingizwa kwa upande ule uliokatwa, ili upande wa nyuma, ulio laini kwa asili yake, ndio utakaogusa ngozi. Mama mwenyewe, wala si mkunga, huuweka upande huo laini juu ya chuchu na kuvuta kisukumio taratibu kwa nusu dakika au dakika moja, akiacha mara aonapo maumivu, na hurudia mara kadha kwa siku, hasa kabla ya kumweka mtoto titini. Mimi hushangaa kila nionapo kituo chenye katoni nzima za mabomba, na humohumo mzazi wa siku ya tatu analia kwa matiti yaliyovimba na mtoto anayekataa, ilhali hapana aliyemwonyesha jambo hili la dakika moja. Tena aambiwe kwamba mtoto hanyonyi chuchu peke yake. Hukumbatia kwa kinywa chake sehemu kubwa ya duara, na kwa hiyo mama wengi wenye chuchu fupi hunyonyesha vizuri wakisaidiwa kumshika mtoto inavyofaa.

Kuhusu duara lililopanuka sitasema mengi, kwa sababu kazi yake ni nyepesi kueleza. Tabibu huchora duara la ndani, lenye upana unaotakiwa, na la nje penye mpaka wa weusi, akaondoa ngozi ya juu iliyo katikati yake, kisha akavuta ukingo wa nje kwa uzi usioyeyuka uliopitishwa kuuzunguka wote. Benelli wa Ufaransa ndiye aliyeieneza njia ya uzi huo mwaka 1990, baada ya watu kuona kwamba bila huo duara hupanuka tena katika miezi michache. Chuchu iliyorefuka kwa kunyonyesha nayo hufupishwa, ama kwa kuondoa pete ya ngozi shingoni mwake na kuisukuma chini, ama kwa kukata ncha, na njia ya kwanza ndiyo ihifadhiyo mifereji. Na rangi? Wako wauzao mafuta ya kuifanya chuchu iwe nyekundu, mkorogo uleule unaopakwa usoni, wenye haidrokwinoni na mara nyingine zebaki. Weusi wa duara ni wa homoni na wa asili. Mafuta huuchubua, hayauondoi. Na mtoto anyonyaye huyalamba. Zaidi ya hapo sina neno juu yake.

Wanaume nao waingie katika safu hii, kwa kuwa ndio waonao aibu kubwa kuliko wote. Kijana wa miaka kumi na minne akiota donge chini ya chuchu, aghalabu ni balehe, na kwa wengi hutoweka lenyewe katika mwaka mmoja au miwili. Wa kumpasua mapema ni mganga mwenye haraka ya fedha. Mtu mzima aulizwe kwanza anakunywa nini na anameza nini: ini lililoharibiwa na pombe au na homa ya ini ya muda mrefu, vidonge vya spironolaktoni vitolewavyo kwa tumbo lililojaa maji, na ile dawa ya efavirenzi ambayo wenye virusi vya UKIMWI waliimeza kwa miaka kabla ya kubadilishiwa, vyote huweza kuotesha matiti. Yakiwa yamekaa miaka na kukaza, hapo dawa haifai tena, na kisu kina kazi. Kazi hii ni ya kale mno. Paulo wa Aegina aliieleza katika karne ya saba, na Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Kurtuba, aliyefariki mwaka 1013, akaiwekea mlango wake katika kitabu chake cha Tasrif, akielekeza mkato wa umbo la mwezi mchanga na kuondoa shahamu. Webster wa New York mwaka 1946 aliuweka mkato huo ndani ya ukingo wa chini wa duara jeusi, mahali ambapo kovu hujificha katika rangi, na mpaka leo ndipo wapasuapo wengi.

Hapa huulizwa juu ya dini, na ni haki kuulizwa. Waislamu wa pwani na wa huku bara wanaifahamu hadithi ya Arfaja bin Asad, aliyekatwa pua vitani, akajitengenezea ya fedha ikanuka, naye Mtume akamwamuru atumie ya dhahabu. Na mafakihi wengi wa zama zetu, katika kupambanua marekebisho ya aibu iliyompata mtu na mageuzi ya umbo zima kwa matamanio, huirejea. Wakatoliki, ambao ndio wengi katika dayosisi ya Butembo-Beni, huenda hawajui kwamba Papa Pius wa Kumi na Mbili, katika siku zake za mwisho, tarehe 4 Oktoba 1958, alizungumza na matabibu wa Italia wa upasuaji huu, wala hakuuharamisha: aliuruhusu pale nia inapokuwa safi, sababu iwe ya maana, na afya isitiwe katika hatari kubwa. Mafakihi hao na Papa huyo, kila mmoja katika njia yake, hawako mbali na yale ambayo tabibu mwangalifu angeyasema bila kufungua kitabu cha dini.

Sasa nifike kwenye kurudisha kilichopotea. Mtoto wa kike aliyeanguka kwenye sufuria ya maji ya bugali iliyotoka juu ya mbabula huletwa akiwa ameungua kifuani, na duara lake, likiwa bado dogo kama ukucha, limegeuka jeupe. Mganga asiyejua, katika kusafisha kidonda, huweza kukata pamoja na nyama iliyokufa lile donge dogo lililo chini ya chuchu, ambalo ndilo mbegu ya titi zima. Na akilikata, binti huyo hataota titi upande huo maisha yake yote. Lisiguswe hata ngozi ya juu ikiwa imeungua, kwa maana liko chini zaidi, na mara nyingi hunusurika na moto. Miaka kumi baadaye, titi linapotaka kuota na kovu linalibana, ndipo hukatwa kovu hilo na kuwekwa kiraka cha ngozi, na baada ya titi kupata umbo ndipo hutengenezwa chuchu. Lau kama ningeambiwa nichague funzo moja la upasuaji wa matiti nilitie katika kichwa cha kila muuguzi wa Kalunguta, ningechagua hili.

Chuchu mpya, iwe ya aliyeungua, ya aliyejeruhiwa kwa panga au risasi katika mauaji yaliyoipata wilaya ya Beni tangu Oktoba 2014, au ya aliyeondolewa titi kwa saratani, hutengenezwa kwa ngozi ya papo hapo: vipande viwili au vitatu huchanjwa bila kukatwa mizizi yake, vikainuliwa na kuviringishwa pamoja mpaka vikasimama. Hufupika kwa nusu, au karibu yake, katika mwaka wa kwanza, na kwa sababu hiyo tabibu ajuaye huifanya ndefu mara mbili ya itakiwavyo, na mgonjwa asiogope aionapo siku ya kwanza. Duara lake hutiwa rangi kwa chanjo ya wino, au huwekwa kiraka cha ngozi kutoka pajani ndani, karibu na kinena, ambako ngozi ni nyeusi zaidi. Kwetu sisi weusi wino hauna budi kuchaguliwa mweusi kuliko upande wa pili, maana hufifia.

Kitu kimoja kiwahusucho watu weusi kuliko wengine ni kupandikiza chuchu iliyotolewa kabisa. Katika matiti makubwa mno, Max Thorek wa Chicago, mwaka 1922, alifundisha kuikata chuchu na duara lake kama kiraka, kupunguza titi, kisha kukirudisha kiraka mahali papya. Chuchu hiyo haitatoa maziwa tena, hisia zake hupungua, na kwenye ngozi nyeusi huweza kupoteza rangi, ikabaki na mabaka meupe kama mbalanga. Ndiyo maana matabibu, wawezapo, huiacha chuchu ikiwa imeshikana na bua la nyama liletalo damu na mishipa ya fahamu. Mgonjwa aulize, kabla ya yote, ni njia gani kati ya hizo mbili itakayotumiwa. Aulize vilevile juu ya keloidi, kovu linalovimba na kuenea kupita mpaka wa jeraha. Habari njema ni kwamba ndani ya duara keloidi ni adimu, na uovu wake huonekana zaidi katikati ya kifua, mabegani na masikioni. Mtu na atazame ndewe za masikio yake zilipotobolewa, na alama ya chanjo begani, navyo vitamsemea.

Lakini sikupenda kumaliza juu ya urembo wakati yapo maradhi yanayojifanya kuwa jambo la urembo. Chuchu iliyokuwa imesimama miaka yote, ikazama katika miezi michache, upande mmoja tu, si ya daraja yoyote kati ya zile tatu. Ni saratani mpaka ithibitishwe kuwa siyo. Ukurutu wa chuchu moja usiopona kwa mafuta ya wiki kadha, James Paget wa London mwaka 1874 alitoa habari za wanawake wapatao 15 waliokuwa nao, na saratani ikafuata ndani ya titi. Jipu linalorudi penye ukingo wa duara, likapasuliwa, likapona, likarudi, huwa ni mfereji ulioziba uliojifanyia nasuri, nalo haliponi mpaka mfereji huo uondolewe wote; na huku kwetu lazima kukumbuka pia kifua kikuu, ambacho hukaa hata ndani ya titi.

Mgonjwa wa namna hiyo aende wapi? Zamani ningesema Goma, kwa HEAL Africa, au Bukavu, kwa Panzi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1999 na ambayo Denis Mukwege aliipatia sifa mpaka akatunukiwa Nobel mwaka 2018. Lakini tangu Kanyabayonga ilipochukuliwa na waasi mwezi wa Juni 2024, na Goma mwezi wa Januari 2025, barabara ya kusini imepita katikati ya mstari wa vita. Imebaki njia ya mashariki: Kasindi, Kasese, Kampala, ambako Taasisi ya Saratani ya Uganda imekuwapo Mulago tangu 1967, na Kisubi, katika njia ya Entebbe, ambako hospitali ya CoRSU hufanya upasuaji huu wa kurekebisha. Kwa mambo madogo, Butembo ina chuo kikuu cha Graben chenye kitivo cha tiba, na wapasuaji wazuri. Anayepasuliwa katika chumba cha nyuma cha saluni, au na mtu ambaye jina lake halimo katika daftari la Ordre des Médecins, asitegemee msaada wowote wa sheria mambo yatakapoharibika.

Watu wa Kalunguta wana sababu ya kuwaogopa wageni wenye mabegi ya dawa. Ebola ya 2018 hadi 2020 iliacha makaburi mengi na maneno mengi zaidi, na mwezi wa Oktoba 2022 kituo cha afya cha Maboya kilichomwa moto, na mtawa aliyekuwa mganga akauawa humo. Kwa hiyo sitawaomba viongozi wa afya walete mitambo wala wageni. Nawaomba watendaji wa zoni ya afya waagize kila chumba cha wazazi kiwe na bomba la sindano lililokatwa na mkunga aliyefundishwa kulitumia, na kila muuguzi aitazame chuchu ya kila mama siku ya kwanza ya kliniki, angali mjamzito, aandike daraja yake katika kadi. Vifaa vyote vinavyohitajiwa kwa kazi hiyo vimo kabatini tayari.